Mwaka Niliochagua Koti la Nestory

Nestory tumemzika mwezi uliopita, kijijini kwao Kabungu, na hata udongo haujashindiliwa vizuri nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wananong'onezana. Mmoja akasema maskini, alikuwa mtu mzuri, ila ujana wake ulimponza. Mwenzake akajibu ndiyo, alikatazwa na bosi wake hakusikia, akataka makuu, maji yakamlemaza. Nilikuwa nimeshika kanga mdomoni. Nilitamani nigeuke niwaulize nyie mlikuwepo? Mlimwona? Lakini sikugeuka. Nina miaka arobaini na kitu, nina wajukuu wawili, nimefundisha shule za msingi za mkoa huu mpaka magoti yameisha, na bado mdomo wangu ukihitajika kwa jambo la maana unajifunga wenyewe. Nestory hakuwa mbishi. Mtu msikivu kuliko yule sijamwona. Kama angekuwa na ubishi hata kidogo tu, angekufa mzee anayetembea kwa miguu yake miwili. Hilo nalijua mimi, na nalijua kwa sababu mwaka ule kazi ya kuchagua koti nilipewa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama za kuniwezesha kwenda ualimu, nikawa nakaa Mpanda mjini kwa baba mdogo nikisubiri anipeleke chuo. Fomu ya chuo ilikuwa juu ya kabati la vyombo sebuleni, chini ya redio, na kila nilipopiga deki niliiangalia kama bado ipo. Baba mdogo alikuwa na kazi ambayo majirani hawakuielewa kabisa. Vijana wake walizama Ziwa Tanganyika, upande wa Ikola, wakakamata samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe, samaki wa mapambo, wakaletwa kwetu kwenye mifuko yenye hewa, wakapumzishwa kwenye matangi ya vioo, kisha wakasafirishwa ng'ambo kwa wazungu wanaowafuga sebuleni. Kwa hiyo hata sebule yetu ilikuwa na matangi manne yanayobubujika mchana kutwa, na vitambaa vya kufuma vya mama mdogo vilikuwa vinanuka ziwa. Mgeni akiingia, swali lilikuwa lilelile: "Hawa wanaliwa?" Ukimwambia hawaliwi anakuangalia kama umechanganyikiwa, halafu anauliza tena, "Hata wa kuchemsha?"

Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta zilikwenda juu zikaishia, na bati likawa la wote, hivyo neno lililosemwa chumbani kwa wakubwa lilipita juu likashuka kwangu bila kupungua. Mchana, baada ya chakula, baba mdogo alipokuwa anajinyoosha kitandani, ndipo yalipokuwa yanaamuliwa mambo yetu wote. Siku moja nilikuwa nakunja nguo nikamsikia mama mdogo anauliza, "Skola umemwamulia nini? Chuo kinafungua mwezi wa saba." Baba mdogo akasema, "Nitampeleka. Kichwa anacho. Nataka tu kuona kama ni mtu wa kusikia, maana msichana akisoma bila usikivu anakuja kukutemea mate." Nilikaa juu ya zile nguo. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusikia, tena wa kusikia kupita kiasi. Nilikuwa naitika kabla sijaitwa.

Nestory alikuwa mzamiaji wetu wa kwanza. Mbende wa Kabungu, mwembamba, mrefu wa wastani, mkimya kazini na mtani mezani. Akitoka ziwani alikuwa analala kwetu, chumba cha uani, na mama mdogo alimpenda kwa sababu alikuwa anakula kila kitu na kushukuru. Enzi hizo walikuwa wanazama kizamani: mtungi wa hewa unafungwa mgongoni kwa mikanda ya turubai, unashuka na kamba, unapanda na kamba. Wanunuzi wa ng'ambo ndio wakaandika kwamba sasa wanataka wazamiaji wavae makoti ya hewa, yale anayovaa mzamiaji kifuani kama kizibao, akibonyeza kitufe hewa ya mtungi inaingia anaelea, akivuta kamba hewa inatoka anashuka. Bila hivyo hawanunui. Baba mdogo akasema sawa, tutaanza na moja. Muuzaji wa Dar es Salaam akatuma kitabu cha bidhaa kwa basi, kiko chote kwa Kiingereza. Baba mdogo akakirusha mapajani mwangu. "We si umesoma? Chagua."

Sijawahi kujisikia mtu kama siku zile tatu. Niliweka kitabu mezani, kamusi pembeni, daftari mbele, na mama mdogo akaniondolea zamu ya jikoni. Makoti yalikuwa mengi kuliko magauni ya mitumba. Kulikuwa na mazito yenye pamba na mifuko mingi, ya watu wanaozama bahari za baridi na mavazi manene ya mpira. Vazi lile linaelea lenyewe, kwa hiyo anabeba madini ya risasi mengi kiunoni ili azame, kwa hiyo anahitaji koti kubwa lenye nguvu za kumnyanyua yeye na risasi zake. Na kulikuwa na mepesi, madogo, ya maji ya joto. Kitabu kilieleza vizuri sana, nakumbuka nilikinakili kwa Kiswahili: mtu wa maji ya joto anayevaa fulana na kaptula hahitaji risasi nyingi, asiyehitaji risasi nyingi hahitaji hewa nyingi, na koti limkae mwilini lisicheze, mikanda ifungwe mpaka mwisho bila kupwaya. Koti likipwaya hewa inatembea inakotaka. Ziwa letu ni la joto, tena la maji ya kunywa yasiyo na chumvi, na maji ya chumvi ndiyo yanayombeba mtu zaidi. Hivyo sisi tulihitaji risasi chache zaidi na koti dogo zaidi. Nilimwita Nestory sebuleni nikampima kifua kwa futi ya mama mdogo ya kushonea.

"Unanipima suti ya harusi?" akasema.

"Nyanyua mikono."

"Mwambie fundi aache nafasi ya tumbo, mwali wangu anajua kupika."

"Una mwali wewe? Kifua chenyewe hiki kama cha kuku wa kienyeji."

Alicheka mpaka nikakosea namba, nikampima tena. Tulichagua pamoja. Mimi nilisoma, yeye aliangalia picha na kuuliza maswali ya mtu anayejua maji: kamba za kutolea hewa ziko wapi, ngapi, mkono unazifikia nikiwa nimeinamia kwenye mawe kichwa chini? Aliweka kidole kwenye koti moja jepesi la bluu. "Hili hapa, Skola. Hili halitanisumbua." Nikaandika kwenye daftari jina la koti, na mbele yake nikaandika: ndogo.

Baba mdogo alirudi akala ugali na samaki wetu wa ziwani, mgebuka, wa kukaanga, akanawa, akaomba daftari. Nilisimama karibu na mlango kama mtu anayesubiri matokeo. Alisoma, akaweka kidole.

"Ndogo? Nani kakwambia koti linanunuliwa dogo?"

"Baba mdogo, kitabu kinasema kwa maji ya joto, na Nestory ni..."

"Nestory, Nestory. Kesho Nestory akiondoka? Nina vijana watatu, mmoja Msukuma ana mwili kama dume la ng'ombe. Koti ni moja. Linunuliwe kubwa, wote waingie. Sweta yako ya shule ilikuwa saizi yako?"

"Hapana."

"Ulifanyaje?"

"Nilikunja mikono."

"Mpaka lini?"

"Mpaka darasa la sita."

"Na ulikufa?"

Mama mdogo akacheka jikoni. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Nani kati yetu hakuvaa sweta ya kukulia? Kiatu kinawekewa gazeti mbele, sare inapindwa upindo wa kiganja kizima, na mtoto anaambiwa tembea vizuri utaizoea. Tumekuzwa hivyo kote huku, na aliyenunua saizi ya mtoto wake alionekana mtu wa kutupa. Baba mdogo hakuwa na roho mbaya siku ile. Alikuwa ananunua kama alivyonunuliwa. Nilijaribu mara ya pili, kwa sauti ndogo, nikasema lakini baba mdogo, likipwaya hewa inatembea. Akaniangalia. Hakukasirika, aliniangalia tu, halafu macho yake yakaenda juu ya kabati la vyombo, au labda niliyapeleka mimi. "Andika kubwa kuliko zote," akasema. "Na lile lenye mifuko mingi, la kazi." Nikafuta kwa kifutio, nikaandika.

Kesho yake tukampigia muuzaji, simu ikawekwa sauti ya nje mezani. Alikuwa kijana mstaarabu. Aliposikia oda akauliza, "Dada, samahani. Hili ni la bahari ya baridi na ni saizi ya mtu mkubwa sana. Atakayelivaa ana kilo ngapi?" Nestory alikuwa na kilo hamsini na kitu. Alikuwa uani, namsikia anapiga mluzi huku anafua. Baba mdogo alikuwa mbele yangu anachokonoa meno. Nikasema, "Ana kilo tisini." Yule kijana akasema basi sawa, dada, litamfaa. Nimekuwa nikijiambia tangu hapo kwamba nililazimishwa. Kuandika nililazimishwa, nakubali. Hizo kilo tisini hakuna aliyenilazimisha.

Koti lilipofika lilivaliwa uani, watoto wa jirani wote wapo. Lilimmeza. Mabega yalimfika kwenye masikio, mikanda ilivutwa mpaka mwisho na bado ngumi ilipita kati ya koti na kifua. Watoto walianguka kwa kicheko, na Nestory akawaigiza, akatembea kama mchumba anayetolewa nje siku ya send-off. Aliniangalia mara moja tu. Hakuniuliza. Alijua ndogo iliandikwa, aliiona kwa macho yake, na alijua naishi nyumba ya nani. Baba mdogo akasema, "Leteni mpira." Ukaletwa mpira wa ndani wa baiskeli, ukakatwa utepe, akafungwa nao kiunoni mara mbili juu ya koti, ukakazwa kwa goti. "Unaona? Limekaa." Na lilikaa kweli. Ila utepe ule ulipita juu ya kikamba cha nyuma cha kutolea hewa, ukakibana. Nilikiona. Nilikuwa nimesoma ukurasa ule mara nne, nilijua kile kikamba ni cha nini, na nilijiambia Nestory mwenyewe ni mzoefu, ataona.

Mwezi wa sita tulikwenda Ikola wote, mimi nikiwa mwandishi wa hesabu ya samaki. Kwa sababu koti lilikuwa na pamba nyingi, lilikataa kuzama, ikabidi wamwongeze vipande vya risasi kwenye mkanda. Kwa sababu ya risasi nyingi, akifika chini alikuwa anazama kama jiwe, ikabidi ajaze hewa nyingi. Nilivisoma vyote hivyo kwenye kitabu, nikavitazama vinatokea kimoja baada ya kingine, nikiwa nimekaa kwenye mtumbwi na daftari langu. Siku tatu alimudu. Siku ya nne, mzamo wa tatu wa siku hiyo, tulikuwa tunaangalia mapovu yake, mara mapovu yakawa mengi, na Nestory akatoka majini mpaka kiunoni, kwa kishindo, koti limempanda usoni, mikono inahangaika kutafuta kamba ambazo hazipo mahali pake. Alikuwa ameinama kwenye mawe, hewa yote ikakimbilia mgongoni, ikaanza kumpandisha, na jinsi alivyopanda ndivyo ilivyozidi kutanuka. Kamba ya nyuma imebanwa na mpira. Bomba la mbele la kutolea hewa limehamia shingoni. Amepanda kutoka kina kirefu kwa muda wa kusema Baba Yetu nusu.

Tulimvuta. Akatema maji, akacheka. "Skola," akasema, "koti limenikataa." Tukacheka wote. Tukarudi ufukweni, wenyeji wetu wakatandika mkeka, tukaletewa ugali, mgebuka wa kuchoma na pilipili mbichi. Alikula vizuri. Alipotaka kuinuka kwenda kunawa, hakuinuka. "Miguu imelala," akasema. Yule Msukuma akamwambia ndiyo ulafi, umeikalia miguu mpaka imesinzia. Tulimcheka! Mimi nilimcheka, nikampiga kofi la mguuni, nikamwuliza hili unalisikia? Akasema hapana. Nikampiga tena, kwa nguvu. Akaacha kucheka yeye kwanza, sisi tukafuatia. Baba mdogo akaagiza akandwe na maji ya moto. Alikandwa mchana kutwa. Ndipo akalazwa kwenye pikapu, tukarudi Mpanda na ile barabara ya mashimo, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na tulipopita Kabungu aliomba tusisimame, mama yake asimwone hivyo.

Hospitali walituambia ukweli: ugonjwa huo ni wa kupanda haraka, dawa yake ni chumba cha mgandamizo wa hewa, na mkoa wetu chumba hicho haukuwa nacho. Baada ya wiki mbili wazee wake wakaja, wakiongozwa na mjomba wake, wakakaa sebuleni kwetu katikati ya matangi yanayobubujika. Hawakuja kugombana. Kwa desturi za huku, kijana akiumia mikononi mwako kwa kosa lako, anakuwa mwanao: unamuuguza, unamjengea, unamtunza mpaka mwisho. Akiumia kwa kosa lake mwenyewe, mnapeana pole na kila mtu anakwenda kwao. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, na maisha yote ya Nestory yalikuwa yamelala juu yake. Mjomba akaliuliza kwa adabu: "Tumesikia koti lilikuwa kubwa. Nani alitaka kubwa?"

Baba mdogo akasema, "Mwenyewe. Nilimwambia achukue saizi yake, akakataa, alitaka lile la mifuko mingi. Muulizeni huyu binti, ndiye aliyeandika."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Yule mjomba alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, akaniambia, "Tusaidie, mwanangu." Nikaangalia chini, nikasema, "Ndiyo, mjomba. Aliomba mwenyewe." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nikaweka vikombe mezani, kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kilichomwagika.

Waliondoka hapo wakaenda kumuuliza na yeye hospitalini, na mimi nikatumwa niwapeleke, kana kwamba adhabu ilikuwa haijatosha. Mjomba akainama kitandani. "Nestory, huyu dada anasema koti ulilitaka wewe. Ni kweli?" Nestory aliniangalia muda ambao mpaka leo siujui urefu wake. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Angesema hapana, ningekuwa mwongo mbele ya watu na mwasi nyumbani, na fomu ile ingewashiwa moto wa mkaa. Alilijua hilo. Akasema, "Kama Skola kasema hivyo, basi ndivyo ilivyo." Mjomba wake akavuta pumzi, akamfunika shuka vizuri. Wiki iliyofuata wakamchukua kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka kituo cha magari, na mimi mwezi wa saba nikaenda chuo.

Nikawa mwalimu. Nimewachapa watoto wa watu kwa uongo wa penseli iliyopotea. Nestory alijifunza kutengeneza redio, baadaye simu, akaoa, akazaa watatu, akajenga kibanda cha kazi barabarani. Kila mwaka baada ya mavuno nilikwenda kwake na mchele wa kutoka kule Mamba, sukari na sabuni, nikakaa kwenye kiti cha wageni, tukapiga soga. Alikuwa na utani wake uleule. Baba mdogo alipofariki, nikajiambia sasa hakuna wa kumwogopa, mwaka huu nitasema, nitamwambia nisamehe, na nitakwenda kwa wazee wake niwaambie. Nilifika, nikala, nikasifia mboga. Mwaka uliofuata hivyohivyo. Yeye hakuwahi kulitaja, nami nikachukulia kwamba amesahau, au amesamehe, au vyote viwili. Ukitaka kujua uzuri wa uoga, ni huo: unakupa maelezo matamu.

Siku ya kuanua tanga, baada ya wale wanawake na mnong'ono wao kunichoma siku kadhaa, nilimfuata Agnesi, binti yake mkubwa, nyuma ya nyumba alikokuwa anasuuza masufuria. Ni nesi sasa, mtu mzima. Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, nikaanza. "Agnesi mwanangu, kuna jambo kuhusu baba yako na lile koti."

Hakuinua kichwa. "Tunajua, shangazi."

"Mnajua nini?"

"Kwamba uliandika dogo, wakakulazimisha. Na kwamba siku ya kikao uliogopa, ukasema alitaka yeye. Baba alituambia tangu tuko wadogo. Alitukataza tusikuulize na tusimwambie mtu, alisema ni jambo lako, utalisema mwenyewe."

Agnesi akageuza sufuria juani, akafuta mikono kwenye kanga, ndipo akaniangalia.

"Kila ulipokuja alikuwa anatutoa nje, anatuambia nendeni mkacheze mbali, labda leo shangazi yenu ana la kuniambia. Ukishaondoka tunarudi tunamuuliza, baba, kasema? Anasema hapana, kaleta mchele."